Mama wa Mkono Mmoja

Kamembe, Alhamisi jioni

Clarisse,

Leo sina nguvu ya kuanza na maneno matamu. Umenitia kwenye balaa ambalo wewe mwenyewe hulijui, na kesho asubuhi unapanda basi la Kigali ukiwa unatabasamu. Siwezi kukuacha uende hivyo. Kukuambia usoni nako siwezi, maana nikianza nitapaza sauti, wewe ukisikia sauti imepanda utalia, itabidi nikubembeleze, na neno lenyewe litapotea katikati ya machozi. Umekwenda Gihundwe kuwaaga rafiki zako. Mimi nimekaa hapa mezani, sombe la majani ya muhogo liko motoni, na atakayekuja kunikatiza atajuta.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kufunga mlango na kuchagua marafiki sikuandikii. Tantine wako utakayekaa kwake kule Kigali atakuimbia hayo mpaka masikio yakuume. Nataka tuzungumze juu ya rafu ya vichezeo.

Asubuhi ulichukua ufunguo wangu, ukaingia kabla yangu kwenye kituo chetu cha ushauri, ukapanga zawadi yako. Mama wa usafi amekiri kwangu kwamba ulimwomba asiseme. Basi nimefungua mlango wa chumba cha watoto, nina mtoto mkononi tayari, na nimekuta kila kitu kizima. Ng'ombe wote wana miguu minne. Lori la waya limepata magurudumu yake. Nyumba isiyokuwa na paa imepata paa. Na yule mama wa mbao, aliyekuwa na mkono mmoja tangu kabla hujazaliwa, ana mikono miwili, amepakwa rangi, kitenge cha kijani, midomo myekundu, utadhani anakwenda harusini. Kumbe ndiyo maana wiki nzima ulikuwa unashinda kwa mzee fundi viatu pale stendi, unarudi unanuka gundi. Mimi nilidhani umepata mchumba kule. Afadhali angekuwa mchumba.

Najua ulitaka kunifurahisha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu aliyefanya ubaya ningejua pa kumshika. Wewe umefanya wema, umeufanya kwa siri, umeufanya vizuri, na umekaribia kunipotezea mtoto.

Mtoto mwenyewe nitamwita Nsimire. Si jina lake. Jina lake si la kuandikwa kwenye barua itakayosafiri ndani ya begi, na utalielewa hilo utakapokuwa na watoto wako wa kuwapokea. Ana kama miaka minane. Alivuka daraja la Rusizi ameshikwa mkono na shangazi yake, siku Bukavu, ng'ambo kule Kongo, ilipokuwa inapigwa risasi. Mama yake hakuvuka. Wanaishi kule Mururu, shangazi anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na nyanya, anavuka kwenda na kurudi kila siku vita vinapompa nafasi. Usidhani Nsimire ni wale watoto wanaonyamaza. Huyu anaongea kuliko redio. Atakusimulia mbuzi, kuku, wimbo wa kanisani, jirani aliyeanguka na ndoo. Anaongea juu ya dunia nzima isipokuwa jambo moja. Jambo hilo lilikuwa linakaa kwenye rafu, ubao wa chini, karibu na mlango. Kila akija, kitu cha kwanza alikuwa anamchukua mama wa mkono mmoja na kumtia kwenye sanduku la mchanga, na hapo tu ndipo mdomo ulipokuwa unapumzika na mikono inaanza kusema.

Shangazi yake haamini kazi hii hata kidogo. Simlaumu. Anamtembeza mtoto kutoka Mururu mpaka hapa na beseni kichwani, halafu anaambiwa mtoto anacheza. Mara ya kwanza aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniambia, "Maman, hata kwetu kuko muchanga. Tena wa bure." Alhamisi iliyopita alikuwa amechoka kabisa. Alisema nyumbani kuna mtoto mchanga wa kulea, kuna shamba, na kwamba atamleta Nsimire mara hii moja tu. Akitoka na uso mbaya, basi, yameisha, hatarudi tena. Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa, Clarisse. Na siku hiyo ndiyo uliyoichagua kuleta gundi.

Ngoja nipunguze moto chini ya sombe.

Nimerudi. Unakwenda kufundishwa tiba kwa mchezo na sanduku la mchanga, na watakufundisha vizuri zaidi kuliko tulivyofundishwa sisi. Sisi tulikuwa washauri wa maneno. Baada ya yote yaliyotokea nchi hii, tulifunzwa kukaa na mtu mzima, kumwuliza, kumsubiri, kumpa kitambaa. Watoto hatukuwa na la kuwafanyia. Tulikuwa tunawauliza kama wakubwa, na wao, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wanajibu, "Ndiyo, Maman," kwa kila swali. Umelala vizuri? Ndiyo, Maman. Unaota ndoto mbaya? Ndiyo, Maman. Unaota ndoto nzuri? Ndiyo, Maman. Nilikuwa natoka pale nataka kugonga kichwa ukutani.

Ndipo akaja Madame Lotte, mkufunzi wetu, na sanduku lake la safari. Wewe ulikuwa shule ya msingi, labda unamkumbuka kwa sababu alikupa peremende na ukamkimbia. Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Alitaka masanduku ya mbao, mapana, mafupi, yamepakwa buluu ndani ili mtoto akifukua mchanga akute maji, na mimi nilitumwa kwa fundi seremala. Nikamwonyesha vipimo kwa mikono. Fundi aliacha randa yake, akavua kofia, akaniambia pole kwa sauti ya chini, akauliza mtoto alikuwa na umri gani. Ilibidi nikae kwenye magogo yake. Kumweleza kwamba sanduku hilo ni la kuchezea, si la kuzikia, ilikuwa kazi kubwa kuliko mafunzo yenyewe.

Na mchanga! Nilinunua mchanga safi, nikaupepeta, nikauosha, nikauanika kwenye mkeka uani, nikafukuza kuku siku nzima. Nikaenda kanisani, niliporudi mjomba wako alikuwa ameshachanganya nusu yake na saruji ya Muganza, anapiga plasta ukuta wa choo, anapiga mluzi. Mpaka leo choo chetu ndicho choo pekee Kamembe kilichojengwa kwa mchanga wa tiba. Unacheka, lakini mimi sikucheka.

Vichezeo vya Madame Lotte ungeviona. Mtu wa theluji. Paa mwenye pembe kama matawi. Nyumba ya mfalme yenye minara. Wanafunzi wenzangu, manesi, walimu, katekista mmoja, watu wazima wenye heshima zao, walikuwa wanamshika mtu wa theluji wanampitisha mkono kwa mkono wanauliza ni mgonjwa wa nini. Madame mwenyewe, namshukuru, alisema tutafute vya kwetu. Tukatafuta. Vibidoni vya maji, ng'ombe wa udongo waliofinyangwa na watoto wa Mururu, malori ya waya, msalaba, kidaraja cha vijiti. Askari wa plastiki walikuwa wamejaa sokoni, hao hawakutusumbua. Na mimi nikatoa kabatini mama wa mbao, yule niliyetoka naye Bukavu ndani ya furushi tulipokuwa tunarudi Rwanda, ambaye mkono wake ulivunjika ndani ya lori. Ulilia nilipompeleka kituoni. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unasema ukikua utampa mkono. Basi umekua.

Katika mafunzo yale tulilazimika kucheza sisi wenyewe. Watu wawili wawili: mmoja anapanga mchangani, mwingine anakaa, mikono juu ya magoti, anatazama tu. Haulizi. Hasifii. Hagusi. Mimi nilipangwa na Anastase, mwalimu kutoka Muganza, mrefu, mpole. Alikaa mbele ya sanduku muda mrefu. Akachukua nyumba moja, akailaza ubavu katikati ya mchanga, akaacha hivyo. Hakuongeza kitu. Na mimi, Clarisse, mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama unavyookota kikombe kilichoanguka mezani. Nikaisimamisha nyumba. Nikaipangusa mchanga.

Anastase aliinuka, akatoka nje, hakurudi mpaka saa ya chai. Nilimwangalia Madame Lotte nikitegemea anigombeze, na yeye akaendelea kuandika vitu vyake, jambo lililonikera zaidi. Wakati wa chai Anastase mwenyewe alinijia na kikombe chake. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Maman, miye ile nyumba niliionaka imelala. Weye uliisimamisha ju ya nani?"

Nilitaka kumwambia nimeisimamisha kwa ajili yake. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaona kwamba yeye alikuwa anaweza kukaa mbele ya nyumba iliyolala, na asiyeweza ni mimi.

Huu ugonjwa ni wa nyumba yetu, usijione peke yako. Tuliporudi kutoka Bukavu baada ya mauaji ya kimbari, tulipewa kukaa kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamekimbilia kule kule tulikotoka. Sisi tunaingia, wao wametoka, daraja lile lile. Bibi yako aliweka furushi chini akasema hakuna mtu atakayelala humu kabla hatujasafisha. Na tulisafisha! Tulifagia, tukaosha sakafu mpaka maji yakatoka meupe, tukapiga chokaa kuta zote. Karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya makaa, mmoja juu ya mwingine. Mimi ndiye niliyepaka pale. Makaa yalipenya chokaa, nikarudia. Yakapenya tena, nikarudia tena, nikawa naona kama ukuta unanifanyia ubishi.

Wakimbizi waliporudi kutoka kwenye kambi, mwenye nyumba akaja. Tulikuwa tumeshaambiwa tuhame, na hatukugombana. Mama mwembamba, peke yake, viatu vya mpira. Alizunguka akaona usafi, akatushukuru, akasema hakutegemea. Halafu akauliza iko wapi mistari yake. Alikuwa anawapima watoto wake pale kila sikukuu. Mimi nikamwambia, tena kwa fahari, kwamba palikuwa pachafu nikapaka. Akaenda akaweka kiganja ukutani, hapa, kisha chini yake kidogo, kisha chini zaidi, anatafuta kwa mkono. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Bibi yako alisema mama yule hana shukrani. Nami nilikubaliana na bibi yako. Nilikubaliana naye miaka mingi, na bado siku nyingine najibishana peke yangu: nani angejua? Makaa si makaa? Ungekuwa wewe usingepaka?

Ungepaka, mwanangu. Leo nimeona.

Sasa nikuambie yaliyotokea leo. Alichokifanya Nsimire ndani ya mchanga sitakuandikia, hicho ni chake. Nitakuambia ya nje ya sanduku tu, kwa sababu hayo yanakuhusu.

Aliingia anasimulia mbuzi aliyekula kitambaa cha kichwa cha shangazi yake. Anasimulia huku anakwenda moja kwa moja kwenye rafu bila kutazama, kama mtu anavyoshika mswaki wake. Mkono ukafika mahali pake ukasimama. Hadithi ya mbuzi nayo ikasimama. Akatazama ubao wa chini, akatazama wa juu, akapiga magoti akachungulia nyuma ya rafu.

"Ule mama iko wapi?"

Nikamwonyesha wako, mwenye kitenge cha kijani. Nikasema ndiye huyu.

"Haiko yeye."

Akakaa chini mbele ya sanduku, mikono mapajani. Mchanga ulikuwa laini vile vile nilivyoulainisha jana jioni. Akanyamaza. Mtoto yule kunyamaza, Clarisse! Nilikuwa natamani arudie habari za mbuzi. Nje nasikia shangazi yake anahamisha beseni lake kwenye benchi, anakohoa, anataka nijue kwamba anangoja. Nami nimekaa mikono magotini kama walivyonifundisha, na moyoni nakuita majina ambayo sijawahi kumwita mtu.

Uongo ulinijia upesi. Ulikuwa mzuri, umekamilika: ule mama amekwenda hospitali, wamemtibu mkono, amerudi amepona, tushangilie. Ulishafika kwenye ulimi. Kilichonizuia ni kwamba mtoto huyu anaishi ndani ya uongo wa namna hiyo. Ameambiwa mama yake amekwenda sokoni. Ameambiwa mama anatafuta usafiri. Ameambiwa atakuja Noeli. Watu wazuri wote wanaompenda wamemtengenezea mama mzima, na yeye amekaa pale anajua, anaongea juu ya mbuzi ili wasijisikie vibaya.

Nikamwambia ukweli. Nilisema, "Mutoto wangu alimutengeneza. Alitaka kunifurahisha. Hakukuuliza, na miye sikujua."

Alifikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuwa nalo kichwani tangu mchana, na ambalo nakuomba uende nalo Kigali badala ya mashauri yangu yote.

"Alimutengeneza ju ya nini? Hakukuwa mugonjwa."

Nilimwambia sijui. Akainuka akamchukua mama wako kwenye rafu, akamgeuza juu chini. Akakwaruza kitenge kwa ukucha mpaka mbao ya zamani ikaonekana chini ya rangi. Akainusa. Hapo nikaona amemtambua, mabega yalishuka kidogo. Ndipo akaushika ule mkono mpya, akauvuta. Hautoki. Akauzungusha. Hautoki. Akautia menoni. Gundi ya fundi viatu, mwanangu, inashika soli za watu wanaokwenda Bukavu na kurudi kwa mguu, itaachia meno ya mtoto? Akaja mbele yangu akanikabidhi.

"Unisaidie."

Hatugusi. Nimekuambia hivyo, na watakuambia hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameomba, na alikuwa ameniomba mimi, na nje lile benchi lilikuwa linalia chini ya mtu aliyechoka kungoja. Nikampokea mama. Ndipo kwa mara ya kwanza nikautazama ule mkono. Tangu nifungue mlango nilikuwa nauchukia bila kuutazama. Una vidole vitano. Umechonga hata kucha. Umeukunja kidogo kwenye kiwiko, kama mtu anayezuia kitu kilichoko kiunoni kisianguke, na umeutafuta mti unaofanana na ule wa zamani. Katika ukoo wetu hakuna mtu anayejua kuchonga. Sijui ulijifunza wapi na sijui kwa nini sikujua.

Nikauvunja.

Niliuweka kwenye ukingo wa meza nikabonyeza kwa nguvu. Haukuvunjika begani, ulipogandishwa. Ulivunjika kwenye kiwiko. Kwa hiyo sasa ana mkono mmoja na nusu, mama wa watu, na kitenge kilichokwaruzwa. Nikamrudishia Nsimire, naona aibu kama mtu aliyeharibu nguo aliyopewa kushona. Alimtazama muda mrefu sana.

"Haikukuwa ivi," akasema. Halafu akasema, "Basi. Itafaa."

Akaenda naye kwenye mchanga. Alikaa huko mpaka muda wetu ukaisha na kupita, na mimi nilikaa mikono magotini, na sikusikia habari za mbuzi hata mara moja.

Tulipotoka, shangazi yake alisimama, akajifunga kitenge upya, akamshika kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga. Anapima. Uso wa Nsimire haukuwa wa furaha, sikudanganyi. Macho yalikuwa mekundu. Nilijua yameisha. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba yule mama, na maneno yangu yote yalikuwa ya mafunzo, ya Kifaransa, hayana kazi mbele ya mtu mwenye beseni la sambaza kwenye jua. Nsimire mwenyewe ndiye aliyesema. Alimwambia shangazi yake, polepole, kama unavyomweleza mtu habari aliyokwisha kuijua, "Mama hatavuka."

Shangazi hakumwambia habari za soko. Hakumwambia Noeli. Alikaa tena kwenye benchi, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, wakakaa hivyo, na watu wanaopita barabarani wanawatazama. Baadaye sana alijipangusa, akainua beseni, na kabla ya kulifikisha kichwani akaniuliza bila kunitazama kama Alhamisi ni saa ile ile. Nikasema ni ile ile.

Kwa hiyo sijui niseme nini, Clarisse. Ukiniuliza kama uliharibu, uliharibu. Ukiniuliza kama neno lile la Nsimire lingetoka leo bila gundi yako, sijui, na usithubutu kwenda Kigali ukajisifu kwamba ilikuwa mbinu. Usimwekee mtu yeyote mkono ambao hajauomba. Lakini ninachokijua ni kwamba uliporudi saa kumi na moja, umesimama mlangoni unanitazama, unauliza, "Maman, uliona?", mimi nilikujibu, "Nimeona, asante," na nikageukia sufuria. Nimekaa chumba kimoja na mtoto wa watu bila kumgusa kwa saa nzima, nikamngoja, nikamwambia ukweli. Wewe nimekupa mgongo. Ukavua viatu, ukavivaa tena, ukasema unakwenda Gihundwe.

Kitu cha chumba kile hakitoki. Hiyo ni sheria, na watoto wanaitegemea kila wiki. Lakini mkono huu haukuwa wa chumba, ulikuwa wako, kwa hiyo nimeuchukua. Uko ndani ya soksi yako nyeupe, kwenye begi, pamoja na barua hii. Utautazama ukifika. Nimekuachia sombe, na nitakuwa macho ukirudi, hata ukichelewa, na nitajaribu kusema hili kwa mdomo. Nikishindwa, usome hapa: vidole ni vizuri, mwanangu. Ni vizuri sana. Nimevivunja mimi, kwa mikono yangu, na kesho mtoto mwingine akiniomba hivyo nitavunja tena.

Mama yako